Enka imepona ila kwenye mtumbwi napepesuka, shida ni masikio?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni mvuvi wa Msanga Mkuu, miezi minne nyuma niliteguka enka ya kulia kwenye mpira. Maumivu yameisha, natembea na kukimbia freshi, ila nikisimama kwenye mtumbwi usiku kutoa nyavu napepesuka mpaka nishike ubao, mchana afadhali. Wenzangu wanasema nna shida ya masikio.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa ulivyoeleza mi naishuku hiyo hiyo enka, na kinachonifanya niseme hivyo ni hapo uliposema mchana afadhali.

Ubongo unajua mwili umekaaje kwa habari za sehemu tatu, macho, sikio la ndani, na miguu yenyewe maana kwenye misuli, viungo na ngozi ya nyayo kuna vihisio vinavyotuma taarifa muda wote. Mtu mzima mwenye afya akisimama kwenye sakafu ngumu penye mwanga, inakadiriwa asilimia kama 70 ya taarifa anazotegemea zinatoka miguuni na mwilini, 20 masikioni, 10 tu machoni. Sasa panda mtumbwi uone. Nchi kavu enka ikikunja ubongo unaelewa umeinama, ila majini enka inakunja kwa sababu ubao umelala na wimbi wakati we umesimama wima kabisa, yaani ile taarifa ya mguu inadanganya, kwa iyo ubongo unapunguza kuisikiliza unahamia kwenye masikio na macho.

Enka ikiteguka hazichaniki kano peke yake, na vile vihisio vinaumia, alafu kwa wengi misuli ya nje ya muundi, ile inayozuia mguu usipindie ndani, inachelewa kushtuka. Maumivu yanaisha lakini hiyo hisia inaweza isirudi yenyewe, wengi wetu tunaacha mazoezi siku uvimbe unapoisha na hapo ndo tunapokosea sana. Mtu wa hivyo anaanza kuegemea macho kuliko zamani bila kujijua. Mchana unaona upeo wa bahari unajipanga, usiku macho hayana pa kushika, na mtumbwi mwembamba huna hata nafasi ya kupiga hatua ujiokoe, inabaki kiuno na magoti tu.

Jipime leo. Simama sakafuni karibu na ukuta, mtu awe pembeni, mguu mmoja, macho wazi kisha yafumbe, badilisha mguu. Kama kushoto unatulia na kulia unaangusha mguu chini mapema basi yaelekea ni enka, maana masikio ni yale yale kwa miguu yote miwili.

Dawa yake ni mazoezi kila siku kwa wiki 6 hivi. Anza sakafu ngumu, mguu mmoja sekunde 30, rudia mara 3 au 4. Usikimbilie mchanga laini kwanza, najua pwani tunao kibao ila ni hatua ya mbele. Ukishaweza umefumba macho ndo usimame kwenye godoro lililokunjwa, kisha mchangani, mwisho mtu akurushie mpira udake huku umesimama mguu mmoja, hapo ndo panafanana na kazi yako kwa sababu kwenye nyavu mikono inavuta na akili haiko miguuni. Ikiuma au ikivimba rudi hatua moja nyuma.

Ila kama vitu vinazunguka ukijigeuza kitandani, au sikio linavuma, au usikivu umepungua, hapo wenzako wanaweza kuwa sahihi, nenda hospitali wakuangalie, pale Ligula kwa mfano.

Kwa sasa, hasa kipindi hiki cha kusi, nyavu toa umekaa au umepiga magoti, ukilazimika kusimama kunja magoti kidogo na utazame taa za nchi kavu badala ya maji ya miguuni, na laifu jaketi usivue mpaka mguu wa kulia ukae sekunde sawa na wa kushoto.