Gunia la Kilo 50 Lina Kilo Ngapi? Maswali Yenu Kuhusu Ndege Ndogo za Mizigo

Barua za toleo hili zimetoka pande zote za kazi: anayetafuta ajira ya urubani, anayebeba magunia mgongoni, mwenye mzigo na mzazi. Karibu zote zinaitaja Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kwa hiyo vipimo tulivyotoa ni vya Caravan 208B yenye injini ya PT6A-114A. Anayerusha aina nyingine afungue kitabu cha ndege yake.

Nimemaliza leseni ya CPL, ile ya urubani wa biashara, nikiwa na saa 210 za kuruka. Kampuni za mizigo pale uwanja wa Wilson, Nairobi, zinaniambia nirudi nikifikisha saa 500. Nitazitoa wapi? Na ni kweli saa za msaidizi wa rubani kwenye Caravan hazihesabiwi? — Msomaji, Eldoret

Hizo saa 500 si sharti la leseni. Kanuni za kimataifa zinadai saa 200 kwa leseni ya biashara, au 150 kwa aliyesoma mfululizo kwenye kozi iliyoidhinishwa. Kinachoongeza idadi mara nyingi ni kampuni ya bima, na wakati mwingine mteja anayekodi ndege. Ndiyo maana kampuni mbili zenye ndege ileile zinaweza kukupa majibu tofauti. Uliza sharti limetoka kwa nani. Likiwa la bima, huwa kuna nafasi ya kujadiliana iwapo utaruka na kapteni mzoefu.

Kabla ya kubisha hodi tena, hakikisha una cheti cha afya cha daraja la kwanza ambacho hakijaisha, mafunzo ya bidhaa hatari yasiyozidi miezi 24, na kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo bila kuona nje. Hicho cha mwisho ndicho vijana wengi hukiahirisha kwa sababu ya gharama, na ndicho kinachowaangusha. Kinadai saa 40 za vyombo na saa 50 za safari ndefu ukiwa rubani mkuu. Mzigo wa samaki hausubiri mawingu yapande, na mwajiri hana haja na rubani wa asubuhi safi peke yake.

Kuhusu saa za msaidizi, umesikia nusu ya ukweli. Caravan imeidhinishwa kurushwa na mtu mmoja. Ukiwa kiti cha kulia kwa sababu mamlaka ya usafiri wa anga inataka safari hiyo iwe na marubani wawili, kanuni za kimataifa zinaruhusu saa hizo zihesabiwe hadi nusu kuelekea leseni ya juu, ile ya ATPL inayodai saa 1,500. Mamlaka inaweza kukuhesabia zote ikiwa ndege ina vifaa vya msaidizi na inaendeshwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Ukiwa umekaa pale kumsindikiza kapteni tu, wewe ni abiria hata kama umevaa mabega yenye mistari. Basi kabla ya kusaini mkataba, omba uoneshwe ukurasa wa kitabu cha uendeshaji cha kampuni unaosema safari zao zinahitaji msaidizi. Wakikosa kukuonesha, umepata jibu.

Ushauri mmoja ambao wengi huudharau: kampuni ikikupa kazi ya kupanga mizigo ofisini wakati unasubiri kiti, ikubali. Huko ndiko utakakojifunza jambo linaloulizwa kwenye barua inayofuata.

Nimeanza juzi kama msaidizi wa rubani. Mwenye mzigo huleta magunia yaliyoandikwa kilo 50, na kapteni anazidisha tu kwa idadi. Nikiyainua nahisi ni mazito zaidi. Nifanyeje bila kuonekana mjuaji? — Jina limehifadhiwa, Nairobi

Pima. Hakuna njia nyingine, na hakuna ujuaji ndani yake. Kilo 50 ni maandishi ya kiwandani kuhusu kitu kilichokuwa ndani ya gunia lilipokuwa jipya. Leo lina mahindi mengine, limeshindiliwa, limeshonwa juu, na pengine limenyeshewa. Miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ili ibaki mbichi, na majani yakilowa uzito unapanda. Kreti ya samaki ina barafu ambayo mara nyingi haikuandikwa popote.

Tufanye hesabu ya safari ya Wilson hadi Wajir, kilomita 500 hivi. Uzito wa juu wa kuruka ni kilo 3,969. Tuseme ndege yenu ikiwa tupu ina kilo 2,150. Ninyi wawili na mabegi yenu, kilo 180. Mafuta: saa 1 na dakika 45 kwa kilo 180 kwa saa ni kilo 315, asilimia 5 ya dharura, kilo 16, kwenda Garissa ikiwa Wajir imefungwa, kilo 150, nusu saa ya akiba ya mwisho, kilo 90. Mkianza kuondoka ardhini mna kilo 571. Mzigo mnaoweza kubeba ni kilo 1,068. Mkichukua magunia 21 ya "kilo 50" mmeandika 1,050 na mnajiona mko salama. Yakiwa na kilo 55 kila moja, mmebeba 1,155. Mmezidi kwa kilo 87, na karatasi yenye sahihi haioneshi hata moja.

Hapo hatujagusa joto. Wilson iko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 26, hewa ya pale ni nyepesi kama ya futi 8,200 hivi. Kasi inayosomwa kwenye kipimo ya kunyanyua pua haibadiliki, lakini kasi halisi juu ya lami ni kubwa zaidi, kwa hiyo ndege inakula njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka, na ikiinuka inapanda polepole. Kwa joto na urefu wa njia wa siku hiyo, jedwali la kitabu linaweza kukupa uzito mdogo kuliko ule 3,969. Unafuata ule mdogo.

Namna ya kulifanya bila ugomvi: fika mapema kuliko kapteni. Vuta magunia matano bila kuchagua, likiwemo moja la chini ya rundo, yaweke kwenye mizani, uandike. Mizani yenyewe ijaribu kwanza kwa kusimama juu yake, maana wewe uzito wako unaujua. Kisha mpe kapteni karatasi: "Kapteni, matano haya yametoka wastani wa kilo 55." Usimwambie amekosea. Kapteni mwenye akili timamu akiona tarakimu hiyo atapunguza magunia mawili mwenyewe. Akikuambia "twende tu", una haki ya kutopanda, na mweleze meneja wa usalama kwa maandishi siku hiyohiyo. Tunajua barua kama hiyo inaweza kukugharimu kazi. Tunakushauri uiandike hata hivyo.

Mimi ni kuli uwanjani Kisumu. Kwa nini marubani wanapiga kelele tukianza kupakia mlangoni, na ile nguzo ya mkiani ni ya nini? — Msomaji, Kisumu

Kaka, swali lako lina uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu wewe ndiye wa mwisho kuushika mzigo.

Mlango mkubwa wa Caravan uko nyuma ubavuni kushoto, nyuma ya magurudumu makubwa. Mkirundika pale wakati mbele ni tupu, ndege inakaa kwa mkia na pua inapanda juu. Nguzo inashikilia mkia msipotii. Ila isiwafanye mzembee: pakieni kuanzia nyuma ya viti vya marubani mkirudi mlangoni, na wakati wa kushusha anzeni mlangoni. Nguzo itolewe na rubani aione kwa macho kabla ya kuwasha injini.

Sasa sababu yenyewe. Ndege ikiwa na uzito wake wote, kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote unaposawazika, kinaruhusiwa kucheza ndani ya inchi 5 tu, yaani sentimita 13 hivi. Chumba kimegawanywa maeneo 6 yaliyochorwa mistari ukutani. Eneo la 6, la nyuma kabisa, mwisho wake ni kilo 145. Magunia matatu ya "kilo 50" tayari yamezidi. Uzito ukirudi nyuma mno, pua inajiinua yenyewe ndege ikiacha ardhi, rubani anasukuma usukani hadi mwisho, na mkia hauna tena nguvu ya kuishusha. Tumbo la chini, lile boksi refu chini ya ndege, linabeba kilo 494 kwa jumla, nalo lina sehemu 4 zenye mipaka yake.

Kufunga nako kuna siri. Neti iliyo nyuma ya marubani inazuia mzigo kwenda mbele tu. Ndege ikipanda, mzigo unataka kurudi nyuma, na huko hakuna neti. Kwa hiyo kila rundo lifungwe mikanda inayozuia mbele, nyuma, kando na juu. Mkanda wenye uzi uliokatika ukingoni au ulioungua kwa msuguano, utupe, usiufunge fundo. Aprili 29, 2013, Boeing 747 ya mizigo ilianguka Bagram, Afghanistan, na watu wote 7 ndani yake wakafa: angalau gari moja la kivita lilichomoka kwenye mikanda, likarudi nyuma, likaharibu mitambo ya kuendesha mkia. Kama 747 iliangushwa hivyo, Caravan haina utetezi.

Kuhusu samaki: maji ya barafu yanayovuja hukimbilia nyuma na kutafuna bati la sakafu. Tandika plastiki nzito iliyokunjwa kingo juu kabla ya kreti ya kwanza.

Nauza simu. Rubani alikataa katoni yangu ya betri na pawabenki, lakini akabeba katoni ya simu. Si kitu kilekile? — Msomaji, Garissa

Hapana. Betri ya lithiamu peke yake, na pawabenki inahesabiwa hivyo, iko chini ya namba UN3480. Betri iliyo ndani ya kifaa ni UN3481, na imelindwa na kifaa chenyewe. Tangu Aprili 1, 2016, UN3480 haisafirishwi kama mzigo ndani ya ndege ya abiria. Kwenye ndege ya mizigo inakubaliwa ikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, imefungwa kwa kanuni, ina lebo, ina hati, na rubani amepewa taarifa ya maandishi. Betri zilizovimba au zilizoharibika haziruhusiwi kabisa.

Betri moja ikishika moto huipasha ya jirani, na hiyo nayo inalipuka. Kizima moto cha mkononi hupunguza ndimi lakini hakipoozi kilicho ndani. Septemba 3, 2010, Boeing 747 ya mizigo iliyotoka Dubai iliungua angani ikiwa na shehena ya betri za lithiamu, na marubani wote wawili wakafa. Ndani ya Caravan rubani na katoni yako wanavuta hewa moja.

Na kwa sababu hiyohiyo, wanaosafirisha chanjo kwa barafu kavu waiseme. Kilo moja ikiyeyuka hutoa zaidi ya lita 500 za hewa ya kaboni dioksidi, ambayo haina rangi wala harufu.

Mwanangu amepata kazi ya kurusha mizigo kwenda Somalia. Nimwachie? — Mama, Kitui

Mama, hatuwezi kukuambia hakuna hatari. Mei 4, 2020, ndege ya mizigo aina ya Embraer 120 iliyosajiliwa Kenya ilidunguliwa ikikaribia Bardale, Somalia, na watu 6 wakafa. Tunachoweza ni kukupa maswali ambayo mwanao aiulize kampuni kabla ya kusaini, na ajibiwe kwa karatasi. Nani anathibitisha kila asubuhi kwamba kiwanja cha huko kinajua ndege inakuja, kwa namba yake na saa yake? Bima ya maisha yake inafanya kazi ndani ya Somalia, au imeitenga? Ndege ikiharibika huko jioni, analala wapi na nani anamlinda? Analipwa mshahara, au kwa safari tu?

Swali la mwisho usilipuuze, mama. Rubani anayelipwa kwa safari hupata hasara kila anapokataa kuruka, na siku atakayotakiwa kukataa, mfuko wake utamshawishi aende. Kama mkataba ni wa hivyo, aombe kima cha chini cha mwezi kinacholipwa hata akirudisha mzigo kwa sababu za usalama. Kampuni nzuri hazishangai kuombwa hivyo.