Uliza Tujibu: Wazee Waliotoka Midwest Wakaenda Magharibi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji walioolewa au kuoa Marekani, ambao watoto wao wamefika umri wa kuuliza habari za upande wa pili wa ukoo. Tumechagua sita, za koo zilizopitia Midwest, yaani majimbo ya kaskazini ya kati kama Ohio na Iowa.

Mimi ni Mtanzania, naishi Omaha. Mume wangu anasema wazee wake walitoka Ohio, wakakaa Iowa, kisha wengine wakaenda Oregon kwa magari ya maksai. Hakuna aliyeandika chochote. Nianzie wapi?

Dada yetu, usianzie Oregon, na magari ya maksai yaache kwanza. Watu wengi huanza kwa kutafuta jina kwenye orodha ya misafara, nao hurudi mikono mitupu. Safari ya kutoka Independence, Missouri, hadi Oregon City ilikuwa kama maili 2,000, miezi minne hadi sita njiani, na hapakuwa na ofisi ya serikali iliyoandikisha kila anayepita. Majina tuliyo nayo yametoka zaidi kwenye shajara, barua na kumbukumbu za wasafiri wenyewe.

Anza na marehemu wa karibu kabisa, kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja ukitumia sensa ya taifa, inayofanywa kila miaka kumi. Zipo bure kwenye tovuti ya FamilySearch ukijiandikisha. Kabla ya 1850 sensa iliandika jina la mkuu wa kaya tu. Wengine walihesabiwa kwa mafungu ya umri. Kuanzia 1850 kila mtu huru ana jina, umri na mahali alipozaliwa. Sensa ya 1880 ikaongeza uhusiano na mkuu wa kaya, na mahali walipozaliwa baba na mama wa kila mtu.

Ufunguo wa mkasa wako ni watoto. Tuseme kwa mfano sensa ya 1870 ya Nebraska inaonyesha baba wa miaka 43, mzaliwa wa Ohio, na watoto hivi: wa miaka 19, Ohio, 16, Indiana, 13, Iowa, 10, Iowa, 3, Nebraska. Umri ulipaswa kuhesabiwa kwa tarehe 1 Juni. Kwa hiyo wa kwanza alizaliwa kati ya Juni 1850 na Juni 1851, na wa pili kati ya Juni 1853 na Juni 1854. Familia iliondoka Ohio ndani ya miaka hiyo. Wa tatu alizaliwa 1856 au 1857, kwa hiyo jaribu sensa ya jimbo la Iowa ya 1856, ambayo iliuliza pia mtu amekaa jimboni miaka mingapi. Hujafungua hata hati moja ya ardhi, na tayari una njia nzima yenye miaka yake.

Tazama pia pengo la miaka saba kati ya mtoto wa nne na wa tano. Huenda baba alikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Kaskazini na Kusini, kati ya 1861 na 1865, na basi kuna jalada la pensheni la kutafuta. Huenda watoto walikufa. Angalia sensa ya 1860 kama kuna mtoto ambaye 1870 hayupo. Au mke wa kwanza alifariki, na huyu unayemwona ni wa pili. Sensa ya 1870 haisemi nani ni nani wa nani, kwa hiyo usimwandike mama kuwa mzazi wa watoto wote mpaka upate ushahidi mwingine.

Jambo la mwisho, na kwetu ndilo kubwa: nakili pia kaya kumi za juu na kumi za chini ya yako. Watu hawa walihama kwa makundi, shemeji na shemeji, jirani na jirani, kanisa zima wakati mwingine. Babu akipotea kati ya Indiana na Iowa, mfuate jirani mwenye jina lisilo la kawaida. Ukimpata huyo, mara nyingi babu yuko ukurasa huohuo, jina lake limeandikwa ovyo.

Nimempata baba wa bibi katika sensa ya 1880, kisha 1900 yuko jimbo jingine. Mbona 1890 hayupo popote?

Hayupo kwa sababu sensa yenyewe haipo. Januari 1921 moto uliwaka katika jengo la Wizara ya Biashara, Washington. Kilichonusurika moto kililowa maji, na mabaki yakateketezwa miaka ya 1930 kwa idhini ya Bunge. Majina yaliyobaki yanazidi 6,000 kidogo tu, kwa nchi nzima.

Pengo hilo huzibwa na sensa za majimbo. Nebraska na Dakota zilifanya ya 1885, katika ile ya Nebraska makarani wengine waliandika herufi za kwanza za majina tu, kwa hiyo tafuta "J. W." pamoja na "John". Iowa ilifanya 1885 na 1895. Kansas hali kadhalika, na ya Kansas ina safu ya dhahabu: mtu alitoka wapi alipokuja Kansas. Sensa ya kawaida inakupa alikozaliwa; hii inakupa kituo chake cha mwisho kabla ya hapo.

Kama alipigania upande wa Kaskazini, kulikuwa na orodha maalumu ya wanajeshi wastaafu na wajane wao ya 1890. Nebraska na Oregon zimo. Ya majimbo yanayoanzia A hadi Kansas, kwa mpangilio wa alfabeti, karibu yote imepotea.

Nimepata hatimiliki ya shamba la ekari 160 kwenye tovuti ya ardhi ya serikali. Ni karatasi moja, jina na tarehe, basi. Je, ndiyo mwisho?

Hapana, ndugu yetu. Karatasi hiyo ni kama risiti. Mzigo wenyewe ni jalada la maombi, na liko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington.

Sheria ya Homestead ilitiwa saini tarehe 20 Mei 1862 na kuanza kazi 1 Januari 1863. Mkuu wa familia, au mtu aliyetimiza miaka 21, alipewa hadi ekari 160 kwa ada ndogo, kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano. Muda ulipotimia alirudi ofisini na mashahidi wawili. Walieleza kwa kiapo nyumba ina ukubwa gani, madirisha mangapi, kisima kimechimbwa, ekari ngapi zimelimwa, amepanda nini, ana watoto wangapi, aliwahi kuondoka lini na kwa nini. Aliyezaliwa ng'ambo alitakiwa kuonyesha hati za uraia, na nakala yake imo humohumo. Kama alifariki kabla ya kumaliza, mjane ndiye aliyekamilisha, na hapo utapata tarehe ya kifo isiyoandikwa mahali pengine.

Ili kuagiza jalada unahitaji jina kamili, jimbo, ofisi ya ardhi, namba ya cheti cha mwisho na maelezo ya kiwanja. Yote yamo kwenye karatasi yako. Maelezo husomwa hivi: "NE ¼, Sec. 22, T. 9 N., R. 14 W." ni robo ya kaskazini mashariki ya kipande namba 22, katika mraba ulio safu ya 9 kwenda kaskazini, ya 14 kwenda magharibi. Kila mraba wa maili sita kwa sita una vipande 36. Kila kipande ni maili moja ya mraba, ekari 640. Robo yake ndiyo ekari 160. Kwa Nebraska, kabla hujalipa pesa ya nakala, waulize hifadhi ya Homestead iliyopo Beatrice, maana majalada ya jimbo hilo yamekwishawekwa kwenye kompyuta.

Mitego ni miwili. Kwanza, tarehe ya hatimiliki si tarehe ya kuhamia. Hati ya 1879 kwa kawaida ina maana aliingia miaka mitano au zaidi kabla yake. Pili, tovuti hiyo ina waliomaliza tu. Wengi hawakumaliza: nzige wa 1874 peke yao waliwarudisha watu Iowa na Illinois wakiwa hawana kitu. Maombi yaliyofutwa nayo yana majalada, ila huwezi kuyatafuta kwa jina. Itabidi upitie vitabu vya viwanja, vilivyopangwa kwa namba za ardhi; picha zake ziko FamilySearch. Kama hujui kiwanja, chukua cha jirani aliyemaliza, kisha soma ukurasa huo na wa jirani zake. Unaona kwa nini tulisema nakili kaya kumi?

Kwa waliofika Oregon mapema zaidi sheria ni nyingine, ya 1850. Mwanamume asiye na mke alipewa ekari 320. Mwenye mke 640, nusu kwa jina la mke mwenyewe. Majalada yake huandika tarehe na mahali pa kuzaliwa, tarehe na mahali pa ndoa, na siku waliyofika Oregon. Ukoo wenye jalada hilo una bahati.

Jina la kwao bibi halijulikani. Kila mahali ni "Mary, mke wa fulani".

Anza na kumbukumbu za ndoa za kaunti alikozaliwa mtoto wa kwanza, kisha kaunti jirani. Harusi nyingi zilifungwa kwao bibi harusi. Usipopata, agiza vyeti vya vifo vya watoto wake wote, usiishie kwa babu yenu peke yake, kwa sababu cheti huuliza jina la mama kabla ya kuolewa. Missouri ilianza vyeti vya jimbo zima 1910, Oregon 1903, California 1905, Washington 1907, Kansas 1911. Aliyejibu maswali mara nyingi ni mkwe au mtoto aliyefiwa jana yake, kwa hiyo vyeti viwili vinavyokubaliana ni bora kuliko kimoja.

Kama mume alikuwa mwanajeshi, jalada la pensheni linashinda vyote. Mwaka 1898 wastaafu walitumiwa fomu iliyouliza jina la mke kabla ya ndoa, walifunga ndoa lini, wapi, nani aliwafungisha, na majina ya watoto walio hai pamoja na tarehe zao za kuzaliwa.

Rafiki yangu Mmarekani mweusi hapa Minneapolis anasema ukoo wake ulikuwa Kansas zamani sana. Hizi habari za walowezi si za weupe tu?

Si za weupe tu. Mji wa Nicodemus, Kansas, ulianzishwa 1877 na watu weusi, wengi wao kutoka Kentucky, na 1879 maelfu wengine walipanda kutoka Mississippi, Louisiana na majimbo jirani. Kwao sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa jina wale waliokuwa watumwa. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 huandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki. Mpango basi ni huu: sensa za Kansas kwa ile safu ya "alitoka wapi", halafu sensa ya 1870 ya kaunti ya Kentucky walikotoka, halafu daftari za Benki ya Freedman, benki ya akiba ya watumwa walioachwa huru, 1865 hadi 1874, ambazo mara nyingi hutaja wazazi na ndugu za mweka akiba. Ilikuwa na matawi Lexington na Louisville. Baada ya hapo ndipo utafute mirathi ya mmiliki.

Oregon iliwafungia mlango kwa sheria, na ile zawadi ya ardhi ya 1850 haikuwahusu. Mlowezi mmoja mweusi, George Bush, alitoka Missouri 1844, akalazimika kukaa kaskazini karibu na ilipo Olympia sasa, na Bunge likapitisha sheria ya pekee 1855 ndipo ekari zake 640 zikawa zake.

Kitabu cha historia ya kaunti cha miaka ya 1880 kinasema babu "alifika masika ya 1852, akiongoza familia ishirini". Niamini?

Mwaka wake ndio wa kuufanyia kazi. Uongozi uweke pembeni. Vitabu hivyo viliuzwa kwa oda, na wahusika walisimulia habari zao wenyewe. Tafuta daftari za kodi za kaunti aliyotoka, maana zilijazwa kila mwaka. Akionekana 1851 na kukosekana 1852 na 1853, tarehe yake inasimama. Kisha angalia hati za mauziano kaunti hiyohiyo: anayehama kwa kawaida huuza shamba kabla ya safari, na mke hutia sahihi naye. Kama kaunti haina kitu, tafuta ramani ya mipaka ya mwaka ule. Denver yenyewe, iliyo Colorado leo, 1860 ilihesabiwa ndani ya Kansas.