Kabla ya kuilaumu pampu: kwa mafundi wapya wa matrekta ya kupakia

Wadogo zangu mlioingia karakana msimu huu, nimewatazama mkihudumia matrekta ya kupakia, hasa Massey Ferguson 50B na Ford 4500, na nimeona makosa tuliyoyafanya sisi yakirudi kwenu kama yalivyo. Baketi ikipanda polepole, mnasema pampu ya haidroliki, ile inayosukuma mafuta ya kunyanyulia, imekufa. Mafuta yakipungua, mnaongeza yoyote yaliyo karibu. Hosi ikivuja, mnapitisha kidole kutafuta tundu. Nawapenda, na ndiyo maana nasema kwa ukali. Mashine hizi ni za miaka ya 1960 na 1970, na zimefika hapa kwa sababu waliotutangulia walikuwa na tabia ya kuuliza ni kitu gani kilichoua kipuri kabla ya kununua kingine. Tabia hiyo sijaiona kwenu bado, na naitaka sana.

1. Kimo cha mafuta ya haidroliki hupimwa mashine ikiwa mahali tambarare na silinda zikiwa katika hali iliyoelezwa kwenye kijitabu, ambayo kwa kawaida ni baketi chini na mkono wa nyuma umekunjwa. Juzi mmoja wenu alipima mikono ya mbele ikiwa juu, akaona tangi limepungua, akajaza hadi alama, na baketi iliposhuka mafuta yakamwagika kupitia kipumulio hadi kwenye tairi. Silinda iliyofunguka hubeba mafuta mengi kuliko iliyofungwa, kwa kuwa fimbo inaporudi ndani huchukua nafasi ambayo mafuta yalikuwa nayo. Mafuta aliyoyadhani yamepotea yalikuwa juu ya kichwa chake, ndani ya silinda.

2. Yatazameni mafuta kabla ya kuyabadilisha, kwa sababu yanawapa habari ambazo mkishayamwaga hamtazipata tena. Chukueni kiasi kwenye chupa safi ya kioo mara tu mashine inapozimwa, muiache imetulia. Mafuta yenye weupe ambao hupotea taratibu, yakianza kung'aa kuanzia chini ya chupa, yalikuwa na upepo. Yakibaki meupe kama maziwa hadi kesho yake, yana maji. Mkiwa na haraka, tone moja juu ya kipande cha chuma cha moto hutosha: mafuta yenye maji hupasuka na kutoa mlio, na makavu hutoa moshi tu. Harufu ya kuungua inasema kwamba joto limezidi, na mafuta yakivuka takriban nyuzi 80 za selsiasi sili, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, huanza kukakamaa. Halafu kuna ung'avu wa dhahabu unaoonekana mafuta yakitazamwa juani. Hiyo ni shaba kutoka kwenye sahani za ndani ya pampu ya gia, na sumaku haiikamati, kwa hiyo sumaku iliyotoka safi isiwadanganye.

3. Pampu ihukumiwe mwisho, baada ya kila kitu kingine. Nguvu ya kunyanyua hutokana na presha, na mwendo wa kunyanyua hutokana na wingi wa mafuta yanayosukumwa kwa dakika. Mkichanganya mambo haya mawili mtatibu ugonjwa usiokuwepo. Silinda moja ikiwa dhaifu na nyingine zote zina nguvu, pampu haina hatia: fungueni silinda hiyo hadi mwisho, zimeni injini, toeni presha, ondoeni hosi ya upande wa fimbo na kuziba hosi yenyewe, kisha washeni na kusukuma upande wa pili. Mafuta yakitoka kwenye tundu lililo wazi, sili za pistoni zimekwisha. Zote zikiwa dhaifu, fungeni geji ya presha kabla ya kusema neno lolote. Mashine nyingi za rika hili huwekwa kati ya psi 2,000 na 2,500, yaani takriban bar 140 hadi 170, na kiwango cha mashine yenu kimeandikwa kwenye kijitabu. Asiwepo wa kuongeza washa kwenye springi ya rilifu, ile vali inayoachia presha ikizidi, ili baketi ipate nguvu, kwa sababu presha hiyo itatafuta hosi iliyochoka kuliko zote na kuipasua.

Hapa lazima niwaeleze kisa changu, kwa kuwa kila mnapoandika "pampu mpya" kwenye karatasi ya maombi nakikumbuka. Nilikuwa fundi kijana kwenye machimbo ya kokoto upande wa Lugoba, na nilikabidhiwa Massey iliyokuwa ikipakia malori kutwa nzima. Asubuhi ilifanya kazi vizuri. Jua lilipokolea, baketi ilianza kupanda kwa kusitasita, na injini ikipandishwa kasi, pampu ilitoa kelele kama kokoto ndani ya debe. Opereta aliniambia kwa maneno yaliyo wazi kabisa kwamba kelele inazidi anapokanyaga mafuta na inatulia anapoachia, na kwamba ameona povu kwenye tangi. Alikuwa amenipa jibu lote, nami sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilijua kwamba pampu iliyochakaa hulegea mafuta yakipata moto na kuwa mepesi, na maarifa hayo nusu ndiyo yaliyonipotosha. Pampu iliyochakaa hupoteza nguvu kimya kimya. Pampu inayopiga kelele na kutoa povu ina njaa: mafuta hayaifikii, au upepo unaingia upande wa kuvuta.

Nilimshawishi mwenye mashine anunue pampu mpya. Tukaifuata Gerezani, Dar es Salaam, na alilipa pesa ambazo alikuwa amezitenga kwa tairi. Niliifungua ya zamani nikaona sahani zimelika na nyumba yake imechimbika vishimo vidogo, nikafurahi, kwa kuwa nilidhani ushahidi umepatikana. Ulikuwa ushahidi kweli, ila wa jambo jingine. Vishimo vile hutokea pale mafuta yanapokosekana kwenye mlango wa pampu, mapovu matupu yakazaliwa na kisha kupasukia juu ya chuma upande wa presha. Pampu ilikuwa imeniandikia sababu ya kifo chake, nami nikaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

Kosa halikuishia hapo. Hosi ya kuvuta niliirudisha ileile, kwa kuwa kwa nje ilikuwa nzuri, haina ufa wala haivuji. Mafuta niliyachuja kwa kitambaa na kuyarudisha tangini ili kumpunguzia mwenye mashine gharama. Silinda na hosi za mikono sikuzigusa kabisa, na ndani yake ulikuwa umebaki unga wa shaba na chuma uliotoka kwenye pampu ya kwanza. Niliwasha, baketi ikapanda haraka, watu wakanipongeza.

Pampu ile haikumaliza hata mwezi. Kelele ilirudi ileile, saa zilezile za mchana, na safari hii mafuta yalimeta dhahabu hata pasipo jua. Aliyenionyesha ukweli ni mzee mmoja fundi aliyekuja kutazama mashine nyingine. Aliniuliza swali moja, kwamba ya kwanza ilikufa kwa nini, na sikuwa na jibu. Aliomba kisu, akaipasua hosi ya kuvuta kwa urefu, na tukaona utando wa ndani umebanduka na kujikunja. Asubuhi, mpira ukiwa wa baridi na mgumu, njia ilibaki wazi. Mchana ulilainika, na injini ikipandishwa kasi mvuto wa pampu uliuvuta ukaziba njia. Kipande cha hosi cha bei ndogo kilikuwa kimeua pampu mbili, na unga niliouacha kwenye silinda uliiharakisha ile ya pili.

Mwenye mashine hakunifukuza, jambo ambalo lilikuwa gumu kwangu kuliko kufukuzwa. Aliyeumia zaidi ni opereta, aliyelipwa kwa kila lori analojaza, na ambaye alikaa chini ya mti siku zote ambazo mashine ilisimama ilhali alikuwa ameniambia tatizo tangu mwanzo. Nilikwenda kumwomba radhi, na tangu hapo sijafungua boliti ya mashine yoyote kabla ya kumkalisha opereta wake na kumsikiliza mpaka amalize. Nanyi fanyeni hivyo, hata kama ni kijana mdogo kuliko nyinyi, hata kama hajui jina la kipuri chochote.

Kazi ilipaswa kufanyika hivi, na ndivyo tulivyoifanya hatimaye. Tulimwaga mafuta yote, tukafungua tangi na kuliosha pamoja na chujio la kuvuta. Tuliondoa hosi za kila silinda na kusukuma fimbo mwanzo hadi mwisho ili kutoa mabaki. Tulibadilisha hosi ya kuvuta pamoja na klipu zake, kwa maana klipu iliyolegea huingiza upepo bila kuvujisha hata tone. Tukaweka filta mpya na mafuta mapya, tukaijaza pampu mafuta kabla ya kufunga hosi, tukazungusha injini bila kuiwasha, kisha tukaiacha katika kasi ya chini bila mzigo. Baada ya saa 10 za kazi tukabadilisha filta tena, na ile tuliyoitoa tuliikata tukaitandaza juu ya karatasi. Ilikuwa na unga wa kutosha kunifanya nielewe ni nini nilichokuwa nimekiacha ndani mara ya kwanza.

4. Usafi. Jicho la mtu haliwezi kuona chembe iliyo chini ya takriban mikroni 40 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali nafasi za ndani ya pampu ni ndogo kuliko hapo, kwa hiyo mafuta yanayoonekana safi kwenye kopo lenu hayathibitishi lolote. Funeli isiyofunikwa katika machimbo ya kokoto ni chombo cha kuingizia vumbi la mawe kwenye mashine. Pipa la mafuta lisisimamishwe nje wakati wa masika: maji hutuama juu yake, na usiku pipa linapopoa huyavuta ndani kupitia vizibo ambavyo mnaapa vimekazwa. Lilazeni, vizibo viwe usawa mmoja wa mlalo na chini ya kimo cha mafuta. Aina ya mafuta ni ile iliyoandikwa kwenye kijitabu, iwe namba 46, iwe 68, yaani namba za uzito wa mafuta, na kama kijitabu cha zamani kinaruhusu mafuta ya injini mepesi, kumbukeni kwamba sabuni iliyomo ndani yake hushikilia maji yasitulie chini, hivyo yachunguzeni mara nyingi zaidi.

5. Mengine kwa ufupi, kwa kuwa mnayajua na hamyafanyi. Toeni maji kwenye kikombe cha filta ya dizeli kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mkibadilisha filta hiyo, toeni upepo kuanzia kwenye filta, kisha pampu ya dizeli, kisha nozeli, kwa mpangilio huo. Rejeta isijazwe maji ya kisima peke yake kwa kisingizio kwamba kwetu hakuna baridi, kwa sababu kulanti, ile dawa ya rejeta, huzuia kutu na magamba pia. Kuhusu breki, someni kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki: JCB nyingi hutumia mafuta mepesi ya haidroliki, mashine nyingine hutumia fluidi ya DOT 3, na moja ikiingia mahali pa nyingine sili zote za mpira huharibika. Fimbo ya silinda yenye kutu ni msumeno wa sili, kwa hiyo mashine ikiegeshwa muda mrefu zipakeni grisi sehemu zilizo wazi.

6. Hili la mwisho silitolei nafasi ya mjadala. Kabla ya kufungua hosi yoyote, shusheni baketi chini, zimeni injini, na vuteni kila mkono wa kontroli huku na huku ili presha itoke. Mtu asikae chini ya mikono iliyoinuliwa kwa kutegemea silinda peke yake, kwa kuwa kinachoishikilia ni mafuta tu, nayo yanaweza kutoka kwa mara moja. Tundu la hosi ya presha litafutwe kwa kipande cha kadibodi, kamwe lisitafutwe kwa mkono, hata wenye glavu. Mchirizi mwembamba usioonekana hupenya ngozi kama sindano, na alama yake huwa ndogo, haitoi damu nyingi, na mara nyingi haiumi sana mwanzoni. Akichomwa mwenzenu, msimpe dawa ya maumivu na kumwambia apumzike. Mpelekeni hospitali saa ileile, hata kama anacheka na kusema ni kitu kidogo, na mwambieni daktari tangu mlangoni kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa presha. Chukueni na chupa ya mafuta yenyewe ili asome aina yake, kwa sababu jeraha la namna hii kwa kawaida huhitaji kufunguliwa na kusafishwa kwa upasuaji, na kila saa inayopita huongeza uwezekano wa kupoteza kidole au mkono.