Fundi wa Upepo Anajibu: Kompresa ya Kubeba kwa Coaster ya Kulala

Swali: *Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mwanga hapa Kigoma. Mimi na mke wangu tumenunua Coaster kuukuu ya dizeli, tukatoa viti, tukaweka kitanda, jiko la gesi na tanki la maji la lita 200. Tunazunguka nayo kuwaona wajukuu: Kasulu, Tabora, Mpanda, na usiku tunalala humo humo. Mara mbili sasa matairi ya nyuma yamepungua upepo mahali ambapo hata kijiwe cha pancha hakuna. Dukani nimeona kikompresa cha kuchomeka kwenye tundu la sigara, boksi limeandikwa 300 PSI. Mwanangu anasema hiyo inajaza hata lori. Ninunue?*

Jibu: Shikamoo mwalimu. Usinunue hicho, kiache hapo hapo dukani kije kinunuliwe na mwenye Vitz.

Kabla ya PSI, hicho kipimo cha msukumo wa upepo, kuna jambo moja la kujua, nami nililijua kwa kulilipia. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenda karibu na Ipole, Coaster ya wanakwaya imelala tairi la nyuma. Nikapanda bodaboda kutoka hapa Tabora, mgongoni nimebeba kompresa ya mteja wangu mwingine, mpya, hata nailoni haijatoka vizuri. Nikafungua kwenye betri, nikaona ziko mbili. Nikajisemea, kama Land Cruiser tu. Nikabana kibanio chekundu upande huu, cheusi upande ule, nikawasha.

Ile mashine haikunguruma, ilipiga kelele kama cherehani iliyokatika mkanda. Nikafurahi, nikadhani ndiyo nguvu ya upya. Haikufika nusu dakika nikasikia harufu ya waya kuungua, halafu moshi mwembamba ukatoka kwenye vitundu vya pembeni. Wanakwaya walinyamaza kimya ambacho sijawahi kukisikia kwa wanakwaya. Tukafunga spea, nayo ilikuwa na nusu upepo, wakaondoka mwendo wa harusi. Kompresa ya watu niliilipa kwa mafungu mawili.

Kosa langu: kompresa ilikuwa ya volti 12, gari lilikuwa la volti 24. Coaster nyingi za dizeli zilizotoka Japani ni za 24, na nina wasiwasi mkubwa kwamba na ya kwako ni hivyo hivyo. Kuona betri mbili si ushahidi, maana kuna magari ya dizeli ya volti 12 yenye betri mbili. Fuata waya. Waya ukitoka chanya ya betri moja ukaingia hasi ya nyingine, hiyo ni 24. Chanya ikifungwa na chanya, hasi na hasi, ni 12. Ukiona giza, chomoa balbu ya taa ya nyuma usome kitako chake, pameandikwa.

Ikiwa ni 24, una njia mbili za heshima: tafuta kompresa ya volti 24 yenyewe, zipo, wenye Fuso wanazitumia, au fundi umeme akufungie kipunguza volti kutoka 24 kwenda 12 chenye kubeba ampea za kompresa yako bila kuhema. Kuna njia ya tatu utakayoshauriwa na kila utingo, ya kubana kwenye betri moja tu kati ya mbili ili upate 12. Itafanya kazi, sikatai. Lakini betri hiyo itachoka kuliko mwenzake, na chaji ikija inazipitia zote kwa pamoja: iliyoshiba inavimbiwa, yenye njaa haishibi. Baada ya muda unanunua zote mbili.

Sasa lile tundu la sigara. Fyuzi yake kwenye magari mengi ni ampea 10 au 15. Kwenye gari la volti 12, ampea 15 ni wati 180, basi. Kompresa ya kujaza matairi ya Coaster kwa muda wa kibinadamu inavuta ampea 30 na kuendelea, kwa hiyo ni lazima ije na vibanio vya kushika betri moja kwa moja na waya mnene. Ukikuta waya mwembamba kama wa chaja ya simu, hata usiulize bei. Na ukijaza, injini iwe inanguruma, usije ukapata upepo ukakosa moto.

Turudi kwenye 300 PSI. Mwambie kijana wetu, kwa heshima, kwamba namba hiyo inasema mashine inaweza kusukuma hadi wapi ikiwa imezibwa mdomo. Haisemi inatoa upepo kiasi gani. Unachotaka kusoma ni lita kwa dakika. Tufanye hesabu kidogo, wewe ni mwalimu. Tairi la saizi ya 7.50R16 ndani yake, kwa makadirio yangu, lina nafasi ya lita 55 hivi. Limeshuka hadi PSI 45, unataka 80. Umepungukiwa 35, na kila PSI 14.7 ni sawa na kulijaza tairi zima upepo wa kawaida mara moja. Kwa hiyo unahitaji kama lita 130. Kikompresa cha tundu la sigara cha lita 20 kwa dakika kingekaa karibu dakika saba kama kingebaki na kasi hiyo, lakini hakibaki. Tairi likianza kukaza, lita zinapungua. Weka robo saa kwa tairi moja. Una matairi sita. Na kijitabu chake ukikisoma utakuta kimeandikwa kwa herufi za sisimizi: dakika kumi kazi, dakika kumi pumzika.

Hilo la kupumzika ndilo wauzaji hawalisemi. Kompresa nzuri zinaandika kwa asilimia. Asilimia 30 maana yake katika dakika kumi inafanya kazi tatu, saba inapoa. Mimi kwa Coaster nisingeshuka chini ya lita 70 kwa dakika, silinda ya chuma iliyochongwa mapezi ya kupooza, na kikatio kinachoizima yenyewe ikichemka. Uwezo wa PSI 120 hadi 150 unakutosha kabisa. Kanuni yangu ni kwamba mashine iwe na akiba ya theluthi juu ya unachohitaji.

Na unahitaji ngapi? Usiniulize mimi wala kijana wa sheli. Fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko cha kiwandani. Kama kimeandikwa Kijapani usiogope, namba ni namba: ukiona 600 hiyo ni kPa, kipimo kingine cha msukumo, igawe kwa 6.9 upate PSI 87. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya mzigo wa juu kabisa wa tairi hilo, haina habari na gari lako. Na kwa kuwa umetoa viti ukaweka tanki, lipeleke gari kwenye mzani likiwa limejaa kila kitu, mama akiwemo. Maji lita 200 ni kilo 200, na kama tanki lipo upande mmoja, nadhani tumeshaanza kujua kwa nini matairi yako ya nyuma yanateseka.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi lenye 80 kwenye baridi ya nyuzi 20 likipata joto la barabara hadi nyuzi 50 litasoma karibu 90. Watu wakiona hivyo wanapunguza. Oktoba hapa Tabora, maembe yakiwa bado mabichi na lami inanuka, nawaona kila siku wanaminya kipini cha valvu pshhh, wanaondoka wameridhika, kesho asubuhi tairi lina 70.

Tairi la ndani kwenye dabo, yaani matairi mawili ya nyuma yanayokaa pamoja upande mmoja, lina habari yake. Mkono hauingii vizuri, na kompresa ya kukaza kwa nati kwenye valvu itakuchubua vidole. Wakati wa kuifungua inavuja kiasi cha upepo ulioutafuta kwa jasho. Chukua yenye kichwa cha kubana chenye shingo iliyokunjwa. Mpira wake wa kupitisha upepo upime dukani kwa kamba uliyoipima nyumbani kutoka kwenye betri hadi tairi la mbali kabisa. Halafu nunua geji ya peke yake. Geji ya kwenye kompresa, mashine ikiwa inafanya kazi, inasoma msukumo wa ndani ya mpira huo, si upepo wa tairi.

Sisi tuliokulia uutingo tulikuwa tunagonga dabo kwa bomba: likiitika *pa!* ni zima, likisema *pu* limekwisha. Ni kweli, ila bomba halitakwambia kwamba la ndani lina 60 na la nje 80, na hapo la nje linabeba mzigo wa mwenzake hadi lipasuke.

Mwisho, hili naomba umsomee na mama. Tairi la 80 likishuka chini ya 64 na umeshatembea nalo, usilijaze tu ukaendelea. Nyuzi za chuma za ubavuni huenda zimeshakatika kwa kukunjwa, na zinasubiri upepo ndipo zifunguke. Lifungue, fundi aangalie ndani. Na unapojaza lolote, usichuchumae ukilitazama ubavu. Bana kichwa, sogea usimame upande wa mbele au nyuma ya gurudumu.

Siku ya kununua, nenda na tairi lako la spea. Muuzaji alijaze kutoka 60 hadi 80 mbele yako, wewe umeshika saa. Akikataa, umeshapata jibu.

Swali: *Nina kijiwe cha pancha Urambo. Naweza kutumia kompresa ya friji bovu badala ya kununua?* 

Jibu: Inajaza, wengi wanafanya. Lakini inatema oili pamoja na upepo, na oili inakula mpira. Halafu naona vijana wanaiunganisha kwenye mtungi wa gesi wa zamani bila valvu ya usalama ya kutoa upepo msukumo ukizidi. Huo si mtungi tena, ni bomu. Kama huna valvu hiyo, usiwashe.

Swali: *Pampu ya mguu inafaa kwa Noah?* 

Jibu: Inafaa sana, chukua ya silinda mbili. Noah haiombi upepo mwingi. Utahema kidogo tu.