Papa Mkalimani anajibu: Karani asiye na tarehe mosi

*Jambo Papa. Toleo lililopita uligusia filamu ya Kitamil juu ya karani anayehesabu siku za mwezi. Mume wangu alitusomea maneno yale kwa sauti, akacheka, kisha akanyamaza mpaka usiku. Yeye pia ni karani, anashika vitabu vya depo ya saruji na mabati. Tangu benki za Goma zifunge milango mwishoni mwa Januari 2025, patroni alikuwa anamlipa kwa simu, nusunusu. Juzi nilipita Birere kutafuta mawese, nikakuta depo ina kufuli. Jirani akasema imefungwa tangu mwezi wa nane. Lakini mume wangu anatoka kila asubuhi saa moja, shati limepigwa pasi, faili kwapani! Nimwambie kwamba najua? Na filamu ile inaitwaje, inaisha vizuri?*
*Mama wa watoto wanne, Katindo*

Mama, nianze na filamu, hiyo ni kazi nyepesi. Inaitwa Mudhal Thedhi, maana yake tarehe mosi. Ni ya mwaka 1955, iliongozwa na P. Neelakantan. Karani ni Sivaji Ganesan, ambaye wakati ule alikuwa hajafika miaka 30, na Anjali Devi anacheza naye. Mimi niliiona nilipokuwa mkalimani katika kambi ya wanajeshi wa Kihindi wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa hapa Kongo. Sajenti mmoja wa Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, aliniwekea kwenye kompyuta yake jioni ya mvua. Picha haikuwa na maandishi chini, kwa hiyo aliisimamisha kila dakika anieleze. Tulimaliza siku ya tatu.

Maneno niliyogusia ni ya wimbo wa mchekeshaji N. S. Krishnan: tangu tarehe mosi hadi 20 ni shangwe, tangu 21 hadi 30 ni tabu. Sajenti aliuimba akipiga meza. Nikamwambia kwetu shangwe inakufa tarehe 5, akacheka mpaka akakohoa. Kabla ya hiyo ya Kitamil kulikuwa na ya Kihindi, mwaka 1954, yenye wimbo wake wa siku ya mshahara ulioimbwa na Kishore Kumar. Radio Ceylon, redio ya Sri Lanka, ikawa inaupiga kila tarehe mosi ya mwezi. Mwisho wa filamu siusemi. Itafute, mtazame wote wawili, lakini baadaye, si wiki hii.

Sasa mume wako. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini filamu ya njaa na madeni ipewe jina la siku. Karani hana shamba Masisi, hana mtumbwi wa kuvulia sambaza. Anachokopea ni ile tarehe. Mwenye butiki anakuandikia unga na sabuni kwenye daftari kwa sababu anajua siku utakayopita kulipa. Ondoa tarehe, na yule karani mwenye shati safi anakuwa mtu wa kukwepa butiki kwa kuzunguka njia ya nyuma. Nadhani hicho ndicho mume wako anachokificha kwapani pamoja na faili.

Najua kwa sababu nilifanya vilevile. Lava ya volkeno ya Nyiragongo iliposhuka mjini Januari 2002, ofisi yangu haikuguswa, lakini patroni alifunga akaenda zake, eti atarudi. Wiki sita nilivaa shati, nikakaa bandarini nikihesabu boti za Bukavu. Marehemu mke wangu alijua tangu wiki ya pili: viatu vyangu vilirudi na vumbi jeusi la lava, na njia ya ofisini haikuwa na lava. Hakusema kitu. Alinifungia viazi vitamu na parachichi, mimi nikajisifu kwamba ninajua kuficha.

Siku moja, chini ya viazi, nikakuta daftari la butiki. Jina langu limekatwa, limeandikwa lake, na pembeni: kila Ijumaa, faranga 500. Alikuwa ameanza kuuza makaa kwa vikopo, na akazungumza na mwenye butiki bila mimi. Tarehe mosi ilikuwa imekufa, yeye akatengeneza Ijumaa. Nilikasirika siku mbili (mwanaume akitunzwa kwa siri hukasirika kwanza). Siku ya tatu nilikwenda kumshushia magunia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma.

Kwa hiyo mwambie, mama, lakini usiku, watoto wakilala, na usimtume shemeji. “Nilipita Birere, nikaona kufuli.” Kisha nyamaza, hata akichelewa kujibu. Usimfuate njiani kumkamata mbele ya watu.

Lakini kuna jambo barua yako haikusema, nalo linaniogopesha kuliko kufuli. Tangu mwezi wa nane mnakula nini? Kama bado analeta pesa mwisho wa mwezi, zinatoka wapi? Muulize bila ukali kama amekamata pesa ya Banque Lambert, yaani wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa. Riba ya watu wale haingoji depo ifunguliwe, na wakimjia nyumbani utajua habari mlangoni. Kama ni hivyo, hilo deni lihesabiwe kabla ya karo na kabla ya kodi ya nyumba. Na akianza kusema kwamba hana faida tena duniani, usimwache peke yake, ita mtu anayemheshimu siku ileile.

Vitabu anavijua. Wenye maduka ya Birere wengi hawajui wanadaiwa kiasi gani. Aombe kuwashikia madaftari, alipwe kwa wiki. Kwa wiki, mama, asikubali kwa mwezi.

*Papa, Kitamil na Kihindi si lugha moja tu yenye majina mawili?*
*Kijana wa Ndosho*

Hapana, mwanangu. Ni kama Kiswahili na Kifaransa: tunavichanganya barabarani, lakini ukoo ni mbalimbali, na Kitamil kina herufi zake. Nilimuuliza sajenti swali hilo siku ya kwanza. Akafunga kompyuta, ndiyo maana filamu ilichukua siku tatu.