Barua kwa mwanangu: picha ya bustani usiku

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kusikia kuwa katika pilikapilika za masomo huko New York umepata wasaa wa kuingia makumbusho. Unaniuliza kwa nini Edward Hopper, mchoraji wa Marekani aliyebobea katika picha za rangi, aliichora bustani ya jiji kwa wino mweusi peke yake mwaka 1921, katika picha aliyoiita Night in the Park, yaani Usiku Bustanini, na kwa nini picha ndogo namna ile, yenye mtu mmoja tu anayesoma gazeti kwenye benchi, ilikuganda usiweze kuondoka.

Riziki ilikuwa sehemu ya sababu. Hopper aliuza picha moja ya rangi mwaka 1913, kisha ikapita miaka kumi bila kuuza nyingine, huku akijikimu kwa kuchorea magazeti na matangazo, kazi asiyoipenda. Kuanzia mwaka 1915 akashika uchoraji wa tindikali (etching), ambao ndio uliozaa picha hii.

Hata hivyo mimi, niliyezeekea katika kazi ya uchapaji, naliona jibu lako ndani ya ufundi wenyewe. Bamba la shaba nyekundu hupakwa nta, mchoraji akaikwaruza kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha bamba likazamishwa katika tindikali, ambayo hula pale tu palipokwaruzwa. Mstari ulioliwa kwa muda mrefu huwa na kina, hushika wino mwingi, na hutoka mweusi zaidi. Bamba likishapakwa wino na kufutwa uso, hufunikwa kwa karatasi yenye unyevu na kupitishwa katika mtambo unaolibana kwa nguvu, hata wino uliojificha katika mifereji ile ukahamia kwenye karatasi. Hopper alikuwa na mtambo wake mwenyewe katika makazi yake ya Washington Square, huko huko New York, akitafuta wino mweusi kabisa na karatasi nyeupe kabisa.

Sasa litazame giza la miti ile. Limejengwa mstari juu ya mstari, kwa subira, ilhali mwanga anaosomea yule bwana haukuchorwa hata kidogo: ni karatasi iliyoachwa wazi. Mwenye rangi anaweza kupaka umanjano wa taa juu ya weusi akishamaliza, lakini mwenye sindano hana budi kuamua mapema ni wapi asiguse. Nadhani hicho ndicho kilichokushika, na Hopper mwenyewe alikiri kuwa michoro yake ya rangi ilitulia baada ya kuipitia kazi hii.

Ukirudi makumbusho, sogea karibu na gazeti lile uone wino ulivyo haba. Ukumbuke pia kwamba kwenye bamba bwana yule ameelekea upande wa pili, kwa kuwa chapa hugeuza kulia kuwa kushoto. Usiku wote ule ulichorwa kinyume.

Nakusubiri uniandikie.

Baba yako