Chomelea, funga, pigilia: "kuunganisha pamoja" kumetuchosha

Msomaji anayesomea ujenzi ameniletea sentensi aliyoikuta katika maelezo ya jengo la fremu ya chuma: "Boriti zimeunganishwa pamoja na nguzo kwa bolti, na sehemu nyingine zimechomwa." Anauliza: "Mwalimu wangu anasema 'zimechomwa' ni kosa, tuseme 'zimelehemiwa'. Mafundi wanasema 'zimechomelewa'. Wenzangu wanasema 'zimeweldiwa'. Kiswahili sahihi ni kipi?"

Mafundi ndio walio sahihi: zimechomelewa. Sababu nitaieleza, lakini naomba subira kidogo, kwa kuwa sentensi hiyo ina kosa kubwa kuliko uliloliulizia, na nyote mmelipita bila kugutuka. Ni hilo "zimeunganishwa pamoja". Nalikuta kwenye vitabu vya ufundi, kwenye taarifa za ujenzi, kwenye maelezo ya vifaa, na kila nikilikuta nakasirika upya.

Tulipasue neno lenyewe. Mzizi ni unga, kitenzi kifupi na chenye nguvu: mtu huunga kamba iliyokatika, mganga huunga mfupa. Ukitia -an- unapata ungana, yaani hiki na hiki vimeshikana. Ukiongeza -ish- unapata unganisha, kufanya viwili vishikane. Hiyo -an- ndiyo ile ile ya pendana, pigana na fuatana, na kazi yake ni kusema kwamba wahusika ni zaidi ya mmoja na kitendo kinapita kati yao. Nani amewahi kusema "walipendana pamoja"? Nani "hupatanisha pamoja" ndugu waliogombana? Hakuna, kwa sababu sikio linakataa. Likija chuma, sikio hilo hilo linalala. "Pamoja" lilikwisha ingia ndani ya kitenzi kabla mwandishi hajashika kalamu. Akilibandika tena nje anasema jambo moja mara mbili, na mara ya pili bila faida.

Na huko bado ni kupoteza neno tu. Katika sentensi ya msomaji wetu, neno hilo linapotosha. Isome tena polepole: "Boriti zimeunganishwa pamoja na nguzo." Kwa Kiswahili, "pamoja na" ni "mbali na hizo, na hizi pia". Nikisema "viti vimepakwa rangi pamoja na meza", sijasema kwamba viti vimegandishwa kwenye meza. Nimesema vyote viwili vimepakwa rangi. Kwa hiyo msomaji makini ana haki ya kuelewa kwamba boriti, na nguzo vilevile, zimeunganishwa na kitu cha tatu ambacho hakikutajwa. Ni ukuta? Ni paa? Ni msingi? Mwandishi alitaka kusema jambo jepesi kabisa, kwamba ncha ya boriti imeshikizwa kwenye ubavu wa nguzo, akatumia maneno ambayo sarufi inayasoma vingine. Ungemwachia kitenzi peke yake na "kwenye nguzo", sentensi ingesimama wima.

Lakini hata "zimeunganishwa" tupu, bila "pamoja", hainiridhishi panapotakiwa maelezo ya kiufundi. Inasema vimeshikana na kunyamaza kuhusu namna, ilhali katika ujenzi wa chuma namna ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1978, mhandisi William LeMessurier aligundua kwamba maungio ya mihimili ya mshazari katika jengo la Citicorp Center, New York, ambayo katika usanifu yalikuwa ya kuchomelewa, yalifungwa kwa bolti wakati wa kujenga. Jengo lilikuwa na ghorofa 59 na lilikuwa limekwisha kamilika. Alipopiga hesabu upya ya upepo unaolipiga jengo kwenye pembe, akaona bolti hizo hazitoshi. Mafundi walitumwa usiku kwa usiku kuchomelea mabamba ya chuma yenye unene wa sentimita 5 hivi juu ya maungio zaidi ya 200. Sasa fikiri taarifa ingeandikwa kwa Kiswahili cha "zimeunganishwa pamoja". Ingekuwa kweli kabla ya marekebisho, ikawa kweli vilevile baada yake. Maelezo yanayobaki yale yale kwa jengo lililo hatarini na kwa jengo lililo salama hayana kazi.

Na inaniuma zaidi kwa sababu Kiswahili hakina upungufu hapa. Kina kitenzi kwa kila namna, na vitenzi hivyo vimejengwa vizuri ajabu.

Anza na hicho ulichouliza. Choma, chomea, chomelea. Kauli ya kutendea imeingia mara mbili, na ikirudiwa hivyo mara nyingi huleta maana ya kitendo kushikilia, kuzama, kufika mwisho: enda ikawa endelea, shika ikawa shikilia, tupa ikawa tupilia. Chomelea ni choma iliyokwenda mpaka ikashika, na hicho ndicho kinachotokea kwenye moto wa fundi. Kingo za vyuma viwili huyeyuka, pamoja na waya au fimbo ya kuchomelea inayoyeyukia katikati, kisha vyote vikapoa kuwa kipande kimoja. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi. Hapo hakuna kubandika, kuna kuzaliwa upya. Aliyelitumia neno hili kwanza kwa kazi hii alielewa anachokiona. (Hapa "pamoja na" ipo mahali pake: waya nao umeyeyuka.)

Choma peke yake haibebi mzigo huo. Ina maana mbili tayari, kuunguza na kudunga, na zote mbili si zetu. Kibaya zaidi, katika jengo la chuma moto ni adui. Nguzo ikifika nyuzi 600 hubakiwa na karibu nusu tu ya nguvu yake. Mtu akiniandikia kwamba "nguzo zimechomwa", nitauliza kama watu waliokolewa. Mwalimu wako ana haki kulikataa.

Alipokosea ni kwenye dawa aliyotoa. Lehemu imetoka Kiarabu, kwenye mzizi ule ule wa nyama na wa kidonda kufunga, na huko neno hilo hubeba aina zote mbili za uungaji, wa kuyeyusha vyuma vyenyewe na wa kuyeyusha kigandishi tu. Sisi tulilichukua tukalipa kazi nyembamba: kuziba chungu cha shaba, kushika mapambo, kuunga nyaya ndogo za umeme. Katika kulehemu, kinachoyeyuka ni risasi au bati la kulehemia tu, chini ya nyuzi 450, na vyuma vinavyoungwa havigeuki maji. Lehemu ile hukamata kama gundi. Boriti ya tani mbili ikilehemiwa kwenye nguzo, mimi sipiti chini yake. Tofauti hiyo tunayo, wengine hawana. Tukiifuta tutakuwa tumejinyang'anya wenyewe.

Kuhusu "kuweldi", nimechoka kupigana nalo. Limeingia karakanani, lina watoto na wajukuu, na anayelisema anaeleweka. Lisemeni mkiwa kazini. Katika maandishi, pale ambapo chomelea lipo na linasema zaidi, sioni sababu ya kuliazima. Wahunzi wa zamani walikuwa na "kutia weko", kwa chuma kilichopashwa kikafuliwa mpaka kikashikana, na ningefurahi kulisikia tena, ingawa kazi ya weko na kazi ya leo si moja.

Njoo kwenye bolti. Hapa kitenzi ni funga, na utamu wake uko kwenye kinyume chake, fungua. Kilichofungwa kinafunguliwa: spana ile ile, nati ile ile, mkono ukizunguka upande wa pili. Kilichochomelewa hakina kinyume cha namna hiyo, hakuna "kuchomelua", kitakatwa. (Najua mtanitajia chomoa. Hiyo ni kinyume cha kudunga na kuchomeka, ya mwiba na kisu, moto hauchomolewi.) Yaani sarufi yenyewe inakwambia ni ungio gani linaweza kuvunjwa na kupangwa upya mahali pengine na lipi halitaki. Mwandishi anayeandika "zimeunganishwa" badala ya "zimefungwa kwa bolti" ameitupa habari hiyo iliyokuja bila gharama.

Tena kuna kufunga na kuna kukaza, na si kitu kimoja. Bolti ya kawaida yenye kipenyo cha milimita 20 huingia kwenye tundu la 22. Ina nafasi ya kucheza, na mzigo unapokuja, mwili wa bolti hujiegemeza kwenye ukingo wa tundu. Hiyo imefungwa. Zipo nyingine, za chuma kigumu zaidi, ambazo hukazwa kwa kipimo mpaka bolti yenyewe inavutika, na mabamba yakabanana kiasi kwamba msuguano kati yao ndio unaobeba mzigo. Hizo zimekazwa. Msimamizi akiandika "zifungwe" alipotaka "zikazwe kwa kipimo", fundi atafunga, atakuwa ametii, na ungio litateleza.

Ya tatu siku hizi haionekani sana kwenye majengo mapya, nayo ni ribiti. Msumari mnene wa chuma hupashwa moto ukawa mwekundu, ukapitishwa tunduni, ukapigwa ncha mpaka ukaota kichwa cha pili. Ukipoa hujikunyata na kuyabana mabamba. Mnara wa Eiffel mjini Paris, uliokamilika 1889, una ribiti 2,500,000 zinazoshika vipande 18,038 vya chuma, na ribiti moja ilihitaji watu wanne: wa kupasha moto, wa kushikilia, wa kuunda kichwa na wa kupiga nyundo. Kitenzi chake? Pigilia. Piga, pigia, pigilia: ngazi ile ile ya chomelea, ila irabu zimefuata mzizi, -ilia baada ya i na -elea baada ya o. Lugha iliona kazi mbili ambazo mpigo au moto haupigwi ukaachwa bali unasisitizwa mpaka kitu kishike, ikazipa umbo moja. Sijui tuna haraka gani mpaka tunavipita vitenzi kama hivi kwenda kuokota "kuunganisha pamoja", ambalo lina kila dalili ya kuzaliwa kwenye meza ya mfasiri aliyehesabu maneno ya lugha nyingine na kuona moja limebaki.

Sehemu yenyewe vinaposhikana iite ungio, wingi maungio. Kiungo pia kinafaa, lakini kina shughuli nyingi jikoni na mwilini.

Nakurudishia sentensi yako. Kwa kawaida kuchomelea hufanywa karakanani, ambako chuma hugeuzwa upande wowote na hakuna upepo wala mvua, na bolti hufungwa juu ya jengo. Basi kama ndivyo ilivyokuwa, andika: "Mabamba yamechomelewa kwenye ncha za boriti karakanani, kisha boriti zimefungwa kwenye nguzo kwa bolti." Mwonyeshe mwalimu wako, na umwulize, kabla hajatia alama, bolti hizo zilifungwa au zilikazwa.